Bi Nabiha Aenda Arusini kwa Miguu

Bi Nabiha wa mtaa wetu wa Kibokoni, Mombasa, amepika biriani za arusi miaka thelathini na moja, na kwa muda wote huo hakuna aliyemwona akitembea hatua mia mfululizo. Si kwamba ni mvivu. Jikoni anaweza kusimama kutwa nzima na mwiko mrefu kama kasia mkononi, akiamrisha wanawake kumi na wawili bila ya kuinua sauti. Lakini kutembea, yaani kutoka mahali pamoja kwenda pengine kwa miguu, aliona ni jambo la watu waliokosa tuktuk. Kutoka mlangoni kwake mpaka sokoni Marikiti ni mwendo wa dakika nane. Bi Nabiha alikuwa akimpigia simu Chirau, dereva wake, anamngojea dakika ishirini, kisha anapanda kwa taadhima zake na kupelekwa.

Mambo yaliharibika mwezi wa sita, kwenye simu. Dadake mdogo, Manar, aliyeolewa Malindi, alikuwa akimuoza binti yake Hanin mwezi wa nane, na alitaka kujua mpishi atafika lini. Ndugu hawa wawili wanapendana sana, na sijasikia hata siku moja wamemaliza mazungumzo bila ya kurushiana maneno.

"Waja na basi, au nikuletee gari?" aliuliza Manar. "Maana wewe na hilo goti lako."

"Goti langu lina nini?"

"Halina kitu. Nasema tu. Hanin alipokuja huko aliniambia ulipanda tuktuk kwenda nyumba ya tatu kutoka kwako."

"Ilikuwa ya nne. Na nilikuwa na sinia."

"Haya, ya nne. Basi nikuletee gari?"

"Usilete kitu!" Bi Nabiha alikuwa ameshapandwa na hasira. "Naja kwa miguu!"

Alitaka kukata maneno tu. Hakujua kwamba Manar ameiweka simu sauti ya juu, na imelazwa katikati ya chumba chenye wanawake kumi na wanane waliokuwa wakipanga siku ya hina. Vikapasuka vigelegele. "Yuwaja kwa miguu! Nabiha yuwaja kwa miguu!" Simu ikakatika katika kelele hizo. Kabla ya alasiri, habari ilikuwa imerudi Mombasa kwa simu za watu wengine. Bi Nabiha alipofungua dirisha kupata hewa, Shukri wa duka la viungo mkabala alimwita kutoka nyuma ya mizani yake.

"Bi Nabiha, nasikia wenda Malindi kwa miguu. Mashallah! Nikufungie tende za njiani?"

Alijaribu kujitoa, nisimsingizie. Siku ya pili alikwenda zahanati, na tuktuk bila shaka, akitumaini daktari atamwandikia barua ya kumkataza. Daktari alimpima presha akasema ni ya msichana. Alilikunja goti, akalikunjua, akasema dawa yake ni kutembea. Bi Nabiha alirudi nyumbani amenuna. "Hata daktari yuko upande wa Manar," aliniambia.

Jioni hiyo alibishiwa hodi na Jacinta, mpangaji wake wa ghorofa ya juu. Jacinta ni mtu wa Machakos, karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo kule bandarini Kilindini, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Alikuwa akirudisha sahani.

"Bi Nabiha, sikujua kama nawe ni mtembezi," alisema. "Kundi letu hutembea mpaka Malindi kila mwezi wa nane. Siku sita. Karibu kilomita mia na ishirini. Nikuandikishe?"

Bi Nabiha aliipokea sahani. "Ni watu wazima, wenye akili zao?"

"Ndiyo."

"Na makwao wanajulikana?"

Jacinta akasema wanajulikana. Bi Nabiha akashusha pumzi kama mtu anayetia sahihi. "Basi niandike," akasema.

Mazoezi yalianza Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri. Jacinta alikuwa amemwambia aende Makadara na kurudi, basi. Lakini mtaa wetu ulikuwa haujawahi kumwona Bi Nabiha akienda mbio kwa miguu saa kumi na mbili asubuhi, uso ameukaza na pumzi zinamtoka juujuu. Jirani yake, Mwanakuu, alikuwa akifagia kibarazani.

"Nabiha! Kuna nini?"

Bi Nabiha hakuwa na pumzi ya kujibu. Aliinua mkono juu, akaushusha, akapita. Mwanakuu aliutazama ule mkono, akaufasiri anavyojua, na akaangusha ufagio.

Bi Nabiha aliporudi baada ya dakika arubaini, alikuta viatu vimejaa mlangoni kwake. Ndani walikuwako wanawake kumi na mmoja wamejitanda leso, juzuu za hitima zimeshagawanywa, buli la kahawa liko jikoni, na Mwanakuu analia kwa dhati kabisa. Akashika ukuta.

"Nani?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nambieni tu. Ni nani?"

Mwanakuu alijipangusa machozi. "Wewe ndiwe wa kutwambia, mamangu. Ni nani?"

Walitazamana. Ilichukua muda kujulikana kwamba hakuna aliyekufa. Na kwa vile kahawa ilikuwa tayari, na mtu alikuwa ameshaleta mahamri, walikaa mpaka saa nne.

Kuanzia siku hiyo alimpasha Mwanakuu habari mapema, na Mwanakuu akaupasha mtaa mzima, na likazuka tatizo jingine: watu walitoka kumtazama. Walimletea maji. Walimletea viti. Mzee mmoja alimshauri atembee kinyumenyume kwa ajili ya goti. Na nyuma yake, mwendo wa taratibu, ilikuja tuktuk ya Chirau.

"Chirau, wanifuata?"

"La, mama. Napita tu."

"Wapita kwa mwendo wangu?"

"Barabara ni mbaya, mama."

Barabara ilikuwa nzuri. Kila Bi Nabiha alipopunguza mwendo, Chirau alitoa kitambaa akapangusa kiti cha nyuma. Alipoinama kufunga kamba ya kiatu, Chirau alizima injini kabisa, kwa heshima. Mambo yakaenda hivyo wiki tatu. Siku aliyokwenda mpaka Makupa, katikati ya malori na wachuuzi, Bi Nabiha aligeuka akaona Chirau hayuko. Alimkuta wakati wa kurudi: tuktuk imeishiwa na mafuta, na Chirau anaisukuma peke yake, jasho linamtiririka. Bi Nabiha alikunja mikono ya buibui, akaweka viganja nyuma ya tuktuk, akasukuma mpaka kituo cha mafuta. Watu wa Makupa waliangua kicheko, lakini siku hiyo ndipo sisi wa Kibokoni tulipoanza kuamini kwamba atafika.

Viatu navyo vilikuwa na kisa chake. Miguu ya Bi Nabiha ni mifupi na mipana, na katika soko lote la mitumba pale Makupa hakukupatikana raba za kike za kumtosha. Zilizomtosha zilikuwa za kiume, rangi ya machungwa, zinaonekana kutoka mwisho wa Ndia Kuu. Ili zilainike, alizivaa katika kazi ya arusi moja kule Kuze. Mamake bwana arusi alipoingia jikoni kukagua nyama, aliziona chini ya buibui, akauliza kama mpishi amekuja kupika au kucheza mpira.

"Vyote viwili," alisema Bi Nabiha, na akaendelea kupanga mchele.

Wiki moja kabla ya safari, kiongozi wa kundi alikuja kukagua mizigo. Huyu ni Joab, mstaafu wa reli, mrefu, mkavu, mwenye filimbi shingoni na ratiba iliyopigwa chapa. Kanuni yake ni kwamba begi la mgongoni lisizidi kilo sita; vyakula na magodoro hubebwa na pikapu. Begi la Bi Nabiha lilipelekwa kwa Shukri, likawekwa kwenye mizani ya viungo. Kilo kumi na tisa.

Joab alianza kutoa kitu kimoja kimoja, mtaa umesimama kutazama. Ilitoka chupa ya chai ya lita tatu. Ukatoka upawa. Kikatoka chombo cha achari ya ndimu, na mkate wa sinia mzima umefungwa kwa leso. Mwishoni alitoa kitu kizito kwa mikono miwili.

"Hiki ni nini, mama?"

"Kinu."

"Naona ni kinu. Ni cha nini?"

"Cha kutwangia iliki."

"Njiani?"

"Kwani wewe njiani hutaki chai?"

Mwishowe kinu kilibaki kwa Shukri, na upawa, na karibu kila kitu. Lakini mkate wa sinia haukuonekana tena, na Joab aliporudi kwake alikuwa na makombo kwenye masharubu. Iliki Bi Nabiha aliifunga kwenye pindo la leso, mahali ambapo mstaafu wa reli hawezi kukagua.

Waliondoka watu kumi na wanne, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, upepo wa kusi ukiwapiga mgongoni. Mtaa mzima uliwasindikiza mpaka Buxton. Mwanakuu alilia tena, safari hii kwa sababu. Chirau alikwenda nao mpaka mwanzo wa daraja la Nyali, akasimama pale na kitambaa chake mkononi, akimtazama Bi Nabiha akipanda daraja, mpaka zile raba za machungwa zikapotea upande wa pili.

Katika kundi alikuwamo Tony, kijana wa benki, mwenye fimbo mbili za chuma za kutembelea, saa inayohesabu hatua na kofia yenye bomba la maji. Siku ya kwanza alikuwa mbele ya wote, na kila baada ya muda alitangaza idadi ya hatua. Siku ya pili, karibu na mashamba ya mkonge ya Vipingo, hakutangaza kitu, maana visigino vyote viwili vilikuwa malengelenge. Bi Nabiha alimfikia kwa mwendo wake uleule aliotoka nao Kibokoni.

"Mwanangu, wewe wawasha moto mkubwa mwanzo," alimwambia. "Biriani ya moto mkubwa huungua chini na juu haijaiva. Twende polepole, nishike hiyo fimbo moja."

Wakaenda. Yeye hakuwa na haraka na hakupumzika; ulikuwa ule mwendo wa kusimamia sufuria sita kwa pamoja. Kilichomchelewesha ni salamu tu. Bi Nabiha hajui kumpita mtu. Akiona mama anachota maji, husimama: hujambo, u hali gani, watoto hawajambo, na mume, na mgongo, na mvua huku kwenu ilinyesha? Kisha hujibu nayo yote anapoulizwa. Joab alipiga filimbi. Bi Nabiha aliinua kidole kuashiria anakuja, akauliza habari za ng'ombe.

"Mama, tumechelewa dakika ishirini na tano," alisema Joab.

"Tumemchelewesha nani?"

Joab alifungua ratiba kutafuta jina la mtu huyo.

Siku ya tatu walivuka daraja la Kilifi wakalala huko. Siku ya nne pikapu ilikataa kuwaka, ikabaki Kilifi na fundi, pamoja na vyakula vyote. Joab alisema itawafikia njiani. Saa sita na nusu, jua liko utosini na Matsangoni, walikopanga kulala, bado mbali, ratiba ilionyesha "chakula" na chakula hakikuwapo. Watu walikaa chini ya vivuli vya mikorosho. Tony alikuwa akinyonya lile bomba lake tupu.

Bi Nabiha hakuwa nao. Alikuwa amekwama nyuma kidogo, kwenye ua wa mama mmoja mtu mzima aitwaye Tsofa aliyekuwa akianika mihogo, na mazungumzo yalikuwa yameshafika kwa binti wa tatu wa Tsofa na mkwewe asiyesalimia. Joab alipiga filimbi mara tatu. Tsofa alichungulia barabarani.

"Na hao wako, wamekula?"

"Hawajala. Chakula kimelala Kilifi."

"Basi waite. Mimi hapa nina sufuria za matanga na minazi yangu mwenyewe. Mchele uko duka lile."

Walioona wanasema Bi Nabiha alibadilika papo hapo, akawa mrefu. Alifunga leso kiunoni, akatazama mafiga, akatazama kuni, akatazama kundi, na akaanza kugawa kazi. Tony akapewa ungo achague mchele. Jacinta akatumwa mbaazi. Joab aliyekuwa bado na ratiba mkononi akaonyeshwa mbuzi ya kukunia nazi.

"Mimi?" alisema Joab.

"Kwani una kazi nyingine?"

Mstaafu wa reli akaipanda mbuzi, magoti yakamfika masikioni, filimbi ikining'inia juu ya kifuu, akakuna nazi saba. Nazi ya kwanza aliikuna na ganda lake. Tsofa alimwondolea kifuu mkononi, akampa nyingine. Ya saba ilikuwa nyeupe pe, na alimwonyesha kila mtu.

Walikula wali wa nazi na mbaazi, kisha chai ya iliki iliyopondwa kwa jiwe. Hakuna aliyeuliza iliki ilitoka wapi. Baada ya kula, Joab aliikunja ratiba yake mara nne, akaitia mfukoni.

"Bi Nabiha," alisema kwa adabu, "tuondoke saa ngapi?"

"Chai ikishuka."

Siku ya tano ilikuwa ya msitu. Upande wa kushoto miti ilisimama kimya, njiwa wanaitana ndani yake, na harufu ya majani mabichi ikitoka kila upepo ulipogeuka. Bi Nabiha na Jacinta walikwenda sambamba muda mrefu. Bi Nabiha aliniambia baadaye kwamba alishtuka kugundua kuwa tangu asubuhi hajafikiri kitu: si mchele, si Manar, si goti. Alikuwa akitembea tu, na ilikuwa tamu, kama kukaa jikoni baada ya wageni wote kushiba.

"Wajua," alisema Jacinta ghafla, "nimekaa juu yako miaka mitano, na hatujawahi kuzungumza zaidi ya habari za maji."

Bi Nabiha aliona aibu. "Nilidhani hupendi maneno."

"Nilianza kutembea kwa sababu Mombasa sikuwa na mtu wa kwenda kumtembelea. Nikaona afadhali nitembee tu."

Bi Nabiha alimshika mkono, na hawakuachana mpaka Gede. "Kuanzia sasa," alisema, "kila Ijumaa wewe wala chakula kwangu. Na hiyo si karibu ya mdomoni, ni amri."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, waliingia Malindi. Manar alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wake wote kumi na wanane. Hakupiga kigelegele. Alimwendea dadake, akainama, akamwinua mguu kama mtu anayetazama ukwato, akaikagua soli ya raba. Ilikuwa imelika mpaka kwenye kitambaa.

"Hukupanda gari hata kidogo?"

"Muulize huyu."

Joab aliweka mkono kifuani. "Hakupanda, mama. Mimi ni shahidi."

"Shahidi gani mwenye filimbi?" alisema Manar, na hapo akaangua kilio, akamkumbatia dadake kwa nguvu hata wote wawili wakayumba. Kisha vigelegele vikatoka vyote kwa pamoja. Manar mwenyewe alileta beseni la maji ya moto na chumvi, akamkalisha Bi Nabiha, akamwosha miguu huku akimgombeza.

"Mimi nilitaka kukuletea gari tu. Umeona sasa? Umepata faida gani?"

"Nimepata watu. Mmoja aitwa Tsofa, yuwaja arusini."

"Karibu yake. Mtu mmoja si neno."

"Na kundi langu hili."

"Hao kumi na watatu nimewaona. Wengine?"

Bi Nabiha alitazama ndani ya beseni. "Manar, mimi nilipokuwa nikisalimiana na watu, hawawezi kuniuliza nakwenda wapi nikasema naenda arusini, kisha nisiwakaribishe. Ni aibu."

Mkono wa Manar ukasimama kwenye kisigino. "Uliwakaribisha wangapi?"

"Mpaka Kilifi walikuwa kama ishirini."

"Na baada ya Kilifi?"

"Huko watu ni wakarimu zaidi."

Walikuja hamsini na watatu. Tsofa alikuja na binti zake watatu, na yule mkwe asiyesalimia, aliyesalimia kila mtu. Alikuja mama wa Vipingo na jogoo mikononi. Watu wa bibi arusi walidhani ni jamaa za bwana arusi kutoka mashamba, na watu wa bwana arusi walidhani ni jamaa za bibi arusi, kwa hivyo pande zote mbili ziliwapa heshima kubwa na viti vya mbele. Bi Nabiha aliongeza sufuria mbili, akapika na raba zake miguuni, na mchele haukupungua hata kwa mtu mmoja. Nazi zote za arusi zilikunwa na Joab, kwa ombi lake mwenyewe.

Kurudi, yeye na Jacinta walipanda basi. Bi Nabiha aliomba kiti cha dirishani, maana alitaka kuitazama njia yake. Lakini alipokuwa bado anatengeneza mtandio, Gede ilikuwa imeshapita. Matsangoni aliona mapaa ya nyumba tu. Kwa Tsofa alipunga mkono, na alipoushusha walikuwa Kilifi.

"Dereva, baba," aliita, "punguza mwendo kidogo. Kuna watu sijawaona."

Abiria waligeuka kumtazama. Kondakta alimuuliza Jacinta kwa sauti ya chini kama mama huyu ni mzima. Jacinta, yule asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake.

Walipofika Kongowea, kabla ya daraja, Bi Nabiha alisimama akashika begi. "Tushushe hapa," alisema.

"Mama, bado hatujafika kisiwani," alisema kondakta.

"Najua kilipo. Nimezaliwa huko."

Wakashuka wote wawili. Lilikuwa ni jua la alasiri, magari yamejazana darajani hayaendi mbele wala nyuma, na lile basi lao likiwa miongoni mwayo. Bi Nabiha alilipita kwa miguu, akampungia kondakta mkono, akamuuliza habari za nyumbani kwao.